Faili Kwanza, Mashine Baadaye: Kuandaa Mchoro wa Leza

Mashine ya leza haioni picha. Inachopokea ni amri: nenda hapa, washa kwa nguvu hii, kimbia kwa kasi hii, zima. Ndiyo maana ubao unaoharibika mezani mara nyingi ulishaharibika kwenye skrini, na lawama zinaangukia lenzi au mkanda usio na hatia. Kila ninapofuatilia kazi iliyokwenda kombo naishia pale pale: faili lilisema jambo moja, mashine ikaelewa jingine. Hazikukubaliana kuhusu kipimo, au maana ya mstari, au ukubwa wa nguvu, au pa kuanzia. Nitayaeleza hayo kwa mtiririko ninaoufuata mchoro unapoingia, na nitakaa zaidi penye mitego mingi.

Kipimo kwanza. Faili la SVG, yaani la mchoro wa mistari, mara nyingi hubeba urefu kwa pikseli, na programu hazina msimamo mmoja kuhusu pikseli ngapi zinafanya inchi. Inkscape, programu ya kuchora, tangu toleo la 0.92 huhesabu 96. Matoleo ya kabla yake yalihesabu 90. Adobe Illustrator huhesabu 72. Kwa hiyo mchoro wa milimita 100 uliotoka Illustrator ukifunguliwa na programu inayohesabu 96 unatokea na milimita 75. Kinyume chake unapata 133.3. Hizo mbili hazisumbui sana, maana jicho linaziona. Inayosumbua ni 90 kusomwa kama 96. Milimita 100 inakuwa 93.75, mchoro unaonekana sawa kabisa, vipande vyote vinakatwa, halafu meno ya kisanduku yanagoma kuingiana kwa sababu nafasi iliyochorwa kwa plaiwudi ya milimita 3 sasa ni milimita 2.8. Faili la DXF, la michoro ya kiufundi, lina ugonjwa wake: mara nyingi halisemi kama namba zake ni milimita au inchi, na ukikosea hapo kila kitu kinazidishwa au kinagawanywa kwa 25.4.

Dawa ninayoitegemea ni mraba wa milimita 50 unaochorwa pembeni ya kazi kabla ya kuhifadhi faili, kwa rangi isiyotumika kwingine. Faili likishafunguliwa kwenye programu ya leza, bofya mraba huo usome upana wake. Ukiona 37.5, faili la 72 limesomwa kwa 96. Ukiona 46.9, ni la 90. Ukiona 66.7, ni la 96 lililosomwa kwa 72. Rekebisha mpangilio wa kuingiza mafaili kwenye programu, kisha ingiza upya. Kuvuta kona ya mchoro kwa mkono hadi "ionekane sawa" ni kujitafutia tatizo, maana kazi ya pili kutoka chanzo kile kile itakuja na kosa lile lile. Mraba ukishasoma 50 kamili, ufute.

Baada ya kipimo, mistari. Kuna kazi za aina mbili na mashine huzitenda tofauti kabisa. Vekta ni njia: kichwa cha leza kinaufuata mstari kama ulivyo, iwe ni kukata au kuchora juu juu. Rasta ni safu: kichwa kinakwenda na kurudi, safu baada ya safu, kikiwasha na kuzima. Umbo lile lile linaweza kupita njia yoyote kati ya hizo, kwa hiyo lazima uiambie mashine umbo lipi linapita wapi, na lugha ya kusemea hayo ni rangi. Nyekundu iwe kukata nje, bluu kukata ndani, nyeusi kujaza, kwa mfano. Chagua mpango wako na usiubadilishe kati ya kazi na kazi. Mpango unaobadilika kila wiki ndio unaokata jina la mtu badala ya kulichonga.

Unene wa mstari ni mtego ambao hata wachoraji wazuri wa kompyuta huuingia, kwa sababu mashine mbili zinaweza kuusoma kinyume. Programu ya kuendeshea leza kama LightBurn haijali unene: mstari uliouona mnene wa milimita 3 kwenye skrini utachorwa kama uzi mmoja katikati yake. Ukitaka unene huo uonekane kwenye mbao, geuza mstari kuwa umbo kwanza. Kwenye Inkscape ni Ctrl+Alt+C. Mashine zinazopokea kazi kupitia dreva ya printa zinafanya vingine. Kwao, mstari mwembamba kama unywele, yaani wa milimita 0.025 hivi, ndio hukatwa, na ulio mnene zaidi huchongwa kama picha. Faili moja likipelekwa kwenye mashine hizo mbili linatoa kazi mbili zisizofanana. Ukipokea mchoro wa mtu, uliza umeandaliwa kwa mashine ya namna gani, au ukague unene wa mistari yote kabla ya lolote.

Mistari iliyopandana haionekani kabisa. Michoro ya DXF imejaa hii: visanduku viwili vilivyokaa bega kwa bega vina ukuta wa pamoja uliochorwa mara mbili. Leza itapita hapo mara mbili, ukingo utaungua mweusi, mkato utapanuka, na akriliki inaweza kuyeyuka na kushikana tena. LightBurn inafuta marudio kwa Alt+D, lakini inafuta tu yanayolingana kabisa. Mstari mrefu uliolala juu ya vipande viwili vifupi hautauona. Hapo huna budi kutazama onyesho la kazi, Alt+P, na kufuatilia mwendo wa kichwa polepole. Kikipita mahali pamoja mara mbili utakiona.

Ndugu wa tatizo hilo ni umbo lisilofungwa. Ili umbo lijazwe, ncha zake lazima zikutane. Upenyo wa milimita 0.02 huuoni hata ukikuza skrini, ila programu inauona na kukataa kujaza. Kwenye LightBurn, Alt+J inaunganisha ncha zilizokaribiana. Ukitumia amri inayokuuliza umbali wa kufunga, weka kiwango kidogo, milimita 0.05 hadi 0.1, usije ukaunganisha vitu visivyohusiana.

Maandishi yageuzwe kuwa njia kabla faili halijaondoka kwenye kompyuta lilikoandaliwa. Kwenye Inkscape ni Shift+Ctrl+C. Fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya pili hubadilishwa na nyingine kimya kimya, na urefu wa jina unabadilika nayo. Hifadhi nakala yenye maandishi ya kawaida, maana herufi iliyogeuzwa njia haihaririki tena. Fonti za mwandiko wa mkono zina jambo la ziada: herufi zake hupishana. Programu nyingi hujaza kwa kanuni ya kupokezana, ambapo eneo lililofunikwa na maumbo mawili huhesabiwa kuwa nje. Matokeo yake ni vidoa vyeupe kila herufi inapogusana na jirani yake. Unganisha herufi zote ziwe umbo moja kabla ya kujaza, na vidoa vinaisha.

Nodi, yaani vituo vinavyounda njia, nazo zihesabiwe. Picha iliyogeuzwa kuwa vekta na kompyuta huja na maelfu ya nodi, nyingi zikiwa zimeachana kwa sehemu ndogo ya milimita. Kwenye mchoro hazina madhara. Mezani, kichwa kinakwenda kwa kutetemeka, na kila kinaposita kinaacha alama nyeusi zaidi. Ctrl+L ya Inkscape inapunguza nodi. Bonyeza mara moja, tazama, kisha amua kama umbo linavumilia mara ya pili.

Picha zinahitaji subira kuliko yote haya. Mbao haina vivuli 256. Inatoka kwenye rangi yake ya asili, inapita kahawia kwa muda mfupi sana, inafika nyeusi na kubaki hapo. Anayetaka vivuli laini kwa kupandisha na kushusha nguvu ya leza kwenye plaiwudi atapata uso wenye mabaka, kwa sababu mistari ya asili ya mbao inaungua kwa viwango tofauti. Njia inayofanya kazi ni kutawanya nukta: kila nukta ama imechomwa kikamilifu ama haikuguswa, na wingi wake ndio unaolidanganya jicho lione kivuli. Kanuni ya Floyd-Steinberg ya mwaka 1976 bado inatumika, lakini kwa nyuso za watu napenda zaidi Jarvis au Stucki, zinazosambaza kosa la kila nukta (tofauti kati ya kivuli kilichotakiwa na kilichowekwa) kwa majirani wengi zaidi na kuacha mpito laini shavuni. Atkinson inaacha maeneo meupe yawe meupe kweli, na hilo husaidia mbao zinazoungua haraka.

Kabla ya hapo kuna swali la nukta zikae karibu kiasi gani, na hapa watu wengi hudhani namba kubwa ni bora. Hesabu ni rahisi: 25.4 ukigawanya kwa nafasi kati ya mistari, kwa milimita, unapata nukta kwa inchi. Nafasi ya 0.1 ni nukta 254, ya 0.08 ni karibu 318, ya 0.05 ni 508. Kama doa la mwale wako lina upana wa milimita 0.1 na ukaweka nafasi ya 0.05, kila mahali panachomwa mara mbili. Picha inakuwa nyeusi, macho na nywele vinamezwa, na muda wa kazi umeongezeka maradufu bila faida. Pima doa lako. Chora miraba midogo ya milimita 10 yenye nafasi za 0.20, 0.16, 0.12, 0.10, 0.08 na 0.06, chonga kwa nguvu ndogo, kisha itazame kwa kioo cha kukuzia. Mraba ambao mistari myeupe ndiyo kwanza imetoweka ndio wenye nafasi yako. Kwenye leza za dayodi ufanye jaribio hilo pande zote mbili, kwa mlalo na kwa wima, kwa sababu doa la nyingi kati yake si la mviringo, ni mstatili, na upande mmoja huchora mstari mwembamba kuliko mwingine.

Ukishajua nafasi, picha iandaliwe kwa ukubwa wake wa mwisho na kwa nukta hizo hizo. Mfuatano ni huu: kata picha, ondoa mandhari yasiyo na kazi, igeuze kijivu, iweke kwenye ukubwa wa mwisho, ongeza ukali wa kingo, angaza maeneo ya kati kwa sababu leza huyafanya meusi kuliko skrini, ndipo utawanye nukta. Kutawanya kuwe mwisho, na baada yake picha isiguswe. Picha iliyotawanywa kwa nukta 300 ikapelekwa kwenye mashine iliyowekwa 254 inachanganywa upya, na uso mzima unafunikwa na miraba kama kitambaa cha drafti. Kosa hili linasumbua kwa sababu halina dalili kwenye faili la asili, na watu hubadilisha lenzi, mikanda na mbao kabla ya kulishuku. Ama uiachie programu ya leza itawanye yenyewe kutoka picha ya kijivu, ama utawanye mwenyewe na uchague mpangilio unaopitisha picha bila kuigusa. Usifanye yote mawili.

Kuna vifaa vinavyokwenda kinyume. Mbao na ngozi hugeuka nyeusi zinapochomwa. Mawe ya sleti, kioo na alumini yenye rangi ya anodaizi hugeuka nyeupe au kijivu hafifu. Kwa hivi vya pili picha igeuzwe, nyeupe iwe nyeusi. Akriliki angavu inayochongwa kwa nyuma ili itazamwe kwa mbele inahitaji pia kupinduliwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu huchongeka ikawa nyeupe kama barafu. Ile iliyosukumwa kwa mashine ya kutolea hubaki angavu na hafifu. Na mwenye leza ya dayodi ya bluu asihangaike na akriliki angavu, mwale wa nanomita 450 hivi unapita ndani yake kama mwanga wa dirishani. Leza ya CO2, yenye mawimbi ya maikromita 10.6, ndiyo inayonyonywa na akriliki.

Sasa nguvu. Hapa ndipo kutokubaliana kwa programu na mashine kunapojificha zaidi. Mashine nyingi ndogo hutumia GRBL, programu iliyo ndani ya bodi ya kuendeshea mashine, ambayo hupokea nguvu kama namba baada ya herufi S. Amri yenyewe inafanana na hii: G1 X60 S600 F1500, maana yake nenda hadi milimita 60 kwa nguvu 600 na kasi ya milimita 1,500 kwa dakika. Lakini 600 kati ya ngapi? Jibu limo kwenye mpangilio wa $30 ndani ya bodi, na programu nayo ina namba yake ya juu kabisa. Zote mbili zikiwa 1,000, asilimia 60 ni asilimia 60. Bodi ikiwa na 255 na programu 1,000, ukiandika asilimia 25.5 tu umeshafika mwisho, na kuanzia hapo hadi 100 hakuna tofauti. Bodi ikiwa na 1,000 na programu 255, basi hata ukiandika 100 mashine inatoa robo, na mwenyewe anaamini leza imechakaa. Andika $$ kwenye dirisha la amri, soma mstari wa $30, ulinganishe. Dalili iko wazi ukiijua: kwenye gridi ya majaribio, miraba yote kuanzia asilimia 30 hadi 100 ina weusi ule ule.

Ukiwa hapo hapo, soma na $32. Iwe 1. Hiyo ndiyo hali ya leza. Ikiwa 0, bodi inadhani inaendesha mota ya kuchonga, inasimama kidogo kila nguvu inapobadilika, na kazi inajaa vidoa vyeusi mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari. Halafu, kati ya amri mbili za kuwasha leza, chagua M4 badala ya M3 kwa kazi nyingi. Kwa M3 nguvu haibadiliki hata kichwa kikipunguza mwendo konani, na kona zinaungua. Kwa M4 bodi inashusha nguvu kulingana na mwendo halisi, na kichwa kikisimama leza inazima.

Gridi ya majaribio isirukwe kwa kisingizio kwamba mbao ni ile ile. Plaiwudi mbili za milimita 3 zinaweza kutofautiana kwa gundi iliyo ndani, na gundi ndiyo inayozuia mwale kupenya. Weka kasi upande mmoja na nguvu upande wa pili, miraba ya milimita 8 inatosha, na uichonge kwenye kipande cha ubao ule ule utakaotumia. Leza ya tyubu ya CO2 ina sakafu yake: chini ya asilimia 10 hadi 15 tyubu nyingi haziwaki kwa uhakika, hivyo miraba ya chini ikitoka mitupu si kosa la faili.

Kasi ina bei isiyoonekana, na kulipa kwake kunahitaji nafasi. Kichwa hakifiki kasi kamili papo hapo. Umbali kinaouhitaji ni kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ukagawanya kwa mara mbili ya mchapuko. Kwa milimita 100 kwa sekunde na mchapuko wa milimita 1,000 kwa sekunde mraba, ni milimita 5. Ukipandisha hadi 200, ni milimita 20, mara nne. Umbali huo uwe nje ya picha, leza ikiwa imezimwa, la sivyo kingo za kushoto na kulia zitakuwa nyeusi kuliko katikati. Programu ina mpangilio wa kurefusha safu kwa ajili hiyo, na lazima uuwashe kwa kazi za kujaza. Ukishauwasha, kumbuka kwamba picha iliyopo milimita 3 kutoka ukingo wa meza haina tena pa kukimbilia. GRBL yenye mipaka iliyowashwa itakujibu ALARM:2, yaani amri inadai kichwa kitoke nje ya eneo lake. Kontrola za Ruida, bodi za aina nyingine za kuendeshea leza, nazo hukataa kwa ujumbe wa kukosa nafasi. Hakuna kilichoharibika. Sogeza kazi ndani, au punguza kasi.

Kingo zenye meno kama msumeno, safu moja imesogea kulia na inayofuata kushoto, ni jambo lingine: leza huwaka ikiwa imechelewa kidogo, na ucheleweshaji huo unaelekea upande tofauti kila kichwa kinapogeuka. Rekebisha kwa jedwali la fidia, namba moja kwa kila kasi, au chonga kwa upande mmoja tu ukubali muda uongezeke. Kabla ya kugusa jedwali, kaza mikanda.

Kuituma kazi kwenyewe kuna njia mbili, na ni vizuri kujua uko kwenye ipi. Kontrola za Ruida hupokea faili zima, hulihifadhi, kisha huendelea zenyewe; ukishatuma unaweza kuchomoa kebo. GRBL kwa USB inalishwa mstari kwa mstari muda wote wa kazi. Kompyuta ikilala, kazi inakufa hapo ilipo. Zima kulala, zima masasisho ya ghafla, tumia kebo fupi, na usiipitishe kebo hiyo sambamba na waya wa umeme wa kompresa. Kompyuta isipoiona mashine kabisa, mara nyingi inakosa dreva ya chipu ya CH340, iliyopo kwenye bodi nyingi za namna hii.

Njia hiyo ya USB ina dari yake, na hesabu yake ni nzuri kuifahamu. Kasi ya kawaida ya mawasiliano ni biti 115,200 kwa sekunde, ambayo ni herufi 11,520 hivi. Pikseli moja ya picha ya vivuli inaandikwa kama X0.1S345, na ukiongeza alama ya mwisho wa mstari ni herufi 9. Gawanya, unapata pikseli 1,280 kwa sekunde, bila kuhesabu muda wa bodi kuzichakata. Kwa pikseli za milimita 0.1, milimita 100 kwa sekunde zinadai pikseli 1,000. Uko karibu kugonga dari. Ukienda kasi zaidi, bodi inamaliza amri kabla mpya hazijafika, kichwa kinasita, na picha inapata mistari ya wima isiyo na mpangilio. Picha ya nukta zilizotawanywa inabeba amri chache zaidi, kwa sababu nukta nyeusi zinazofuatana zinaandikwa kama mstari mmoja. Hiyo ni sababu ya pili ya kuipenda.

Pa kuanzia pana chaguo tatu: vipimo vya meza yenyewe, sehemu uliyoiweka wewe, au pale kichwa kilipo sasa. Chaguo la tatu linapendwa na wengi, na ndilo linalopeleka kazi hewani, kwa sababu linategemea pia kona gani ya mchoro imechaguliwa kuwa mwanzo. Mchoro wenye mwanzo katikati ukianzishwa kutoka kona ya ubao, robo tatu yake itakuwa nje ya ubao. Kwa mashine yenye swichi za nyumbani, zinazoijulisha kona yake ya kuanzia, natumia vipimo vya meza daima: nairudisha nyumbani kwa $H, naweka ubao kwenye kona ya chuma iliyofungwa mezani, na mchoro kwenye skrini uko pale pale utakapotua. Kisha nazungusha fremu, kichwa kikitembea pembezoni mwa kazi bila kuchoma, na natazama kama kinagusa vibana vya kushikilia ubao.

Mpangilio wa kazi hauna mjadala: chonga, kata matundu ya ndani, kata nje. Ukikata nje kwanza, kipande kinashuka au kinageuka kidogo, na kila kinachofuata kinakaa upogo. Na kama kuna vitambulisho viwili vidogo kwenye ncha mbili za ubao wa milimita 300, ijulishe programu ijaze kila kimoja peke yake. Ikivijaza pamoja, kichwa kinavuka milimita 300 kwa kila safu ili kuchonga milimita 40 huku na 40 kule.

Kwa vitu vinavyoingiana, mkato una upana, na upana huo hupimwa, haukisiwi. Chora fremu ya milimita 100 kwa 20, igawanye kwa mistari 9 ipate vipande 10 vya milimita 10, kata yote. Sukuma vipande upande mmoja ndani ya tundu, pima pengo kwa kalipa, gawanya kwa 11. Si kwa 10: mistari iliyokatwa ni 11, tisa ya kati na miwili ya mwisho. Pengo la milimita 1.65 linamaanisha mkato wa 0.15. Mistari ya nje isogezwe nje kwa nusu yake, 0.075, na ya matundu isogezwe ndani kwa kiasi hicho hicho.

Kuhusu kinachowekwa mezani, plastiki ya PVC isiguse leza kamwe. Inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma mapafu na kula reli na lenzi za mashine. Plastiki usiyoijua ipime kwa waya wa shaba: uchome mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe kwenye moto. Moto ukiwa wa kijani, kuna klorini, itupe. Miwani nayo iandikwe urefu wa mawimbi ya leza yako, kwani ya dayodi ya bluu haikuhakikishii chochote kwa leza ya faiba ya nanomita 1,064. Na kazi ikiwa inaendelea, ukae hapo, kizima moto kikiwa karibu. Akriliki ikishika moto inawaka haraka.

Ikitokea umeme umekatika katikati ya kazi, usiuguse ubao. Hicho ndicho kitu pekee ambacho bado kipo mahali pake. Washa mashine, irudishe nyumbani, fungua onyesho la kazi, vuta kitelezi hadi safu ya mwisho iliyochongwa, na uanzie safu moja au mbili nyuma ya hapo. LightBurn inaruhusu kuanza kazi kutoka sehemu hiyo. Inawezekana tu kama ulitumia vipimo vya meza. Kama ulianza pale kichwa kilipokuwa, mashine haina kumbukumbu ya mahali hapo. Ndiyo sababu kwa kazi ndefu kwenye mashine isiyo na swichi za nyumbani nachoma nukta moja ndogo ya mwanzo kwenye mkanda wa karatasi uliobandikwa mezani, nje ya ubao, kabla ya safu ya kwanza.